Punje ya Kahawa Isiyotafunwa

Mchezo wangu wa kwanza niliuandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la Jiografia, nikiwa kidato cha tatu. Ulihusu mzee na wanawe wawili wanaogombania kibanja cha migomba. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu niliyempenda na aliyejituma kuliko wengi, aliusoma wote akiwa amesimama mlangoni, kisha akanirudishia daftari. “Ni mzuri,” akasema, “lakini hautatoka kwenye mtihani.” Alisema kweli. Ila mimi nilikuwa nasubiri aniulize kwa nini yule mtoto wa pili hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuwa na jibu, na nilihisi kwamba mchezo mzima umejificha hapo.

Simulaumu, wala shule yenyewe sitaitaja. Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mwanafunzi mwingine, wa leo, wa Ihembe. Ihembe ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, na neno lenyewe kwa wenyeji lina maana ya pembe. Huko migomba inafika hadi mlangoni na mibuni imesimama chini ya migomba. Mtoto anaongea Kinyambo nyumbani, Kiswahili darasani hadi la saba, kisha anaingia sekondari na kukuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Kipindi cha Kiswahili ndicho kinachobaki kuwa mahali anapoweza kusema anachofikiri bila kutafuta neno kwanza. Katika kipindi hicho anakutana na tamthilia.

Kwa miaka mingi tamthilia za kidato cha tatu na cha nne zimekuwa zilezile: *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, *Kilio Chetu* ya Medical Aid Foundation, *Orodha* ya Steve Reynolds. Mwanafunzi anazisoma mpaka kurasa zinaachia gundi. Anajua dhamira, migogoro, wahusika na tabia zao, muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Swali likija limtake athibitishe kauli fulani kwa kutumia tamthilia mbili alizosoma, hoja tatu kutoka kila kitabu, mkono wake unaanza kuandika kabla hajamaliza kulisoma.

Sasa tazama hizo tamthilia zinahusu nini. Mbili kati yake zinazungumzia UKIMWI, na wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa Tanzania, mwaka 1983, walipatikana Kagera. Mkoa huu wafu huzikwa kibanjani, karibu na nyumba, na kuna familia ambazo bibi aliwazika wanawe kwa kufuatana miaka ile, kisha akaanza upya kulea wajukuu. Katika *Orodha*, binti aitwaye Furaha anaacha barua isomwe mazishini pake, na wanaume wenye heshima zao kijijini wanahangaika kwa hofu kwamba majina yao yamo. Mwanafunzi wa Ihembe anaijua hofu ya aina hiyo. Amekaa msibani, amewaona watu wazima wakitazama chini jina fulani lilipotajwa. Ana mchezo mzima kichwani ambao Reynolds hakuweza kuuandika, maana hakulelewa na bibi yule. Na kazi tunayompa ni kutaja hoja tatu.

Uhakiki una faida yake, nami nimekula kwa uhakiki. Hata muhtasari wa Kiswahili wenyewe una mada ya utungaji wa kazi za fasihi, tamthilia ikiwemo. Lakini mada hiyo hupita kama basi la usiku: wachache huiona. Mwalimu ana madarasa kadhaa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na mtihani unapima zaidi kile kilichokaririwa. Somo la Sanaa za Maonyesho nalo limo katika orodha ya Baraza la Mitihani, lakini shule zinazolifundisha ni za kuhesabu. Mitaala iliyoanza Januari 2024 imeleta mkondo wa amali na kuipa sanaa nafasi humo. Ninachohofia ni jibu ambalo shule ya kata italisikia ikiomba nafasi hiyo: hamna ukumbi, hamna kamera, hamna mtaalamu. Ukumbi na kamera ni vya kutengenezea onyesho au filamu. Kuandika kunahitaji daftari, kalamu, na watu watano wa kusoma kwa sauti.

Na mwanafunzi kuandika mchezo si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954, katika shule ya wavulana ya Alliance, Kikuyu, nchini Kenya, mwanafunzi Henry Kuria aliandika mchezo wa Kiswahili, *Nakupenda, Lakini...*, ukaigizwa na wanafunzi wenzake. Shule ile ilikuwa ya Kiingereza kuanzia kengele ya asubuhi, na mchezo uliotukuzwa kila mwaka ulikuwa wa Shakespeare. Nje ya uzio Kenya ilikuwa katika hali ya hatari. Hata hivyo Kuria hakubaki peke yake. Miaka iliyofuata walitokea Kimani Nyoike na *Maisha ni Nini*, Gerishon Ngugi na *Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi*, B. M. Kurutu na *Atakiwa na Polisi*. Miswada hiyo ikawa vitabu, na mtu akiandika historia ya tamthilia ya Kiswahili hana budi kupita kwa vijana hao. Ngũgĩ wa Thiong’o alikuwa mwanafunzi pale pale kati ya 1955 na 1958. Sisemi kwamba michezo hiyo ndiyo iliyomfanya mwandishi. Nasema alikulia mahali ambapo mwanafunzi kuandika mchezo kulikuwa jambo la kawaida.

Kwetu Tanzania mfano ulio karibu zaidi ni TUSEME, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mbele. Wasichana wa sekondari walikaa, wakachambua wenyewe yanayowakwamisha shuleni, kisha wakayatengenezea maonyesho mbele ya walimu na wazazi. Wanawake hawa wawili walikuwa tayari waandishi waliokomaa: Mlama, aliyeanza kuandika kwa jina la Penina Muhando, alikuwa na *Hatia* na *Nguzo Mama*, Lihamba alikuwa na *Hawala ya Fedha*. Wangeweza kuwaandikia wale mabinti michezo mizuri na kuondoka. Hawakufanya hivyo. Waliwaachia wao watafute maneno. Mimi ningeongeza kalamu tu, ili onyesho likiisha maneno yabaki mahali, na binti wa mwaka unaofuata ayakute, ayapinge.

Kenya wamekwenda mbali zaidi yetu kwa mashindano. Tamasha lao la kitaifa la maigizo ya shule lina zaidi ya nusu karne, na taifa linalichukulia kwa uzito, pengine kupita kiasi. Mwaka 2013 mchezo *Shackles of Doom* wa shule ya Butere Girls ulizuiwa na waandaaji, mahakama ikaurudisha. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilifika kwenye tamasha hilo, Nakuru, na *Echoes of War* ikiwa na amri ya mahakama mkononi, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza. Niliutazama mkanda wa video wa tukio hilo mara nyingi, na ujasiri wa wasichana wale sitausahau. Lakini michezo yote miwili iliandikwa na mtu mzima, Cleophas Malala, ambaye kufikia 2025 alikuwa ameshapita Seneti. Ndivyo mambo yalivyo mara nyingi katika tamasha lile: mswada hutoka kwa mwalimu au mtunzi wa kukodiwa, mwanafunzi huukariri. Watu waligombana kuhusu haki ya watoto kusema maneno ambayo watoto hawakuyaandika. Kuria, mwaka 1954, alikuwa amefika mbele ya hapo.

Mtoto wa Ihembe haanzi bila kitu. Kagera ina vivugo. Mwanamume husimama harusini au mbele ya mkubwa, akajitapa kwa pumzi moja: nani alimzaa, nini ameshinda, kwa nini uso wake usipuuzwe. Kuna pia nanga, ala ya nyuzi, na watambaji wake, ambao Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu na mwandishi wa tamthilia *Mukwava wa Uhehe*, aliwatafiti kwa miaka. Na shule ya msingi imempa ngonjera, ile aliyoipa umaarufu Mathias Mnyampala. Kila mmoja wetu amesimama mbele ya mgeni rasmi, mikono nyuma, akasema beti zake.

Hapa ndipo ninapoona kazi ya kwanza ya mwalimu wa uandishi. Katika kivugo sauti ni moja. Katika ngonjera sauti ni mbili lakini rai ni moja, kwa kuwa tunajua tangu ubeti wa kwanza kwamba asiyejua ataelimishwa na mwisho atakubali. Mchezo wa kwanza wa mwanafunzi wa Kitanzania huwa ni ngonjera iliyovunjwa mizani. Mlevi anaonywa, mlevi anaanguka, mlevi anajuta. Hakuna anayempa mlevi hoja nzuri. Linganisha na Ebrahim Hussein katika *Kinjeketile* ya 1969, alipokuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Mwishoni Wajerumani wanamtaka Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ameshayatilia shaka maji hayo, na watu wamekufa. Lakini anakataa kukiri, kwa kuwa anajua watoto watafundishwa nini kesho yake akikubali. Pande zote zina uzito, na msomaji anaondoka bila mtu wa kumnyooshea kidole kirahisi.

Tuchukue jambo la Ihembe lenyewe: butura. Mkulima ana shida, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya mwenye fedha, na msimu ukifika anachuma mali ya mtu mwingine. Serikali imeipiga marufuku na bado ipo, kwa kuwa shida haikupigwa marufuku. Mwanafunzi akiambiwa aandike mchezo kuhusu butura, mswada wa kwanza najua utakavyokuwa. Baba atasema, “Mwanangu, butura ni adui wa maendeleo ya mkulima.” Hakuna baba aliyewahi kusema hivyo. Ni bango la ofisi ya kata limevaa koti.

Ningempa sharti moja: andika upya, na neno butura lisitajwe, wala bei, wala umaskini. Abaki na mzee, mgeni, na mtoto aliyeshika kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishwa nayo mgeni kabla ya maneno. Akihangaika wiki moja anaweza kufika hapa:

MZEE: Karibu utafune, waitu.

MGENI: Asante, mzee. (*Anachukua punje mbili. Anazishika tu.*) Mvua imewafaa mwaka huu.

MZEE: Imetufaa. Maua yametoka vizuri.

MGENI: Nimeyaona nikipita. Upande wa bondeni ndiko yalikozidi.

MZEE: Umeanza kuhesabu tangu njiani?

MGENI: Macho hayana pazia, mzee. (*Anatia punje mfukoni mwa shati.*)

MZEE: Mtoto anarudi shule Jumatatu.

MGENI: Ndiyo maana nimekuja leo.

Hakuna bei iliyotajwa na biashara imeshafanyika. Punje zile mbili zimefanya kazi ambayo hotuba ya ukurasa mzima isingeweza. Mgeni anayetafuna amekubali kuwa mgeni, amefungwa na adabu ya nyumba. Anayetia mfukoni ameipokea kahawa kama mali. Mtoto wa Karagwe anaelewa hilo bila kuelezwa, na hiyo ndiyo akiba aliyo nayo ambayo mwandishi wa Dar es Salaam angelazimika kuifanyia utafiti.

Halafu linakuja somo la pili, gumu zaidi: mahali pa kuonyeshea. Sini hii katika filamu ni rahisi. Kamera inasogea hadi kidoleni, punje inajaza kioo, inaingia mfukoni, basi. Skripti itaandika tendo hilo kwa sentensi moja isiyo na pambo, kwa kuwa filamu huandikwa kwa kinachoonekana. Ukiandika “mgeni anafikiria faida yake”, mpiga picha hana cha kupiga. Lakini ichukue sini hiyohiyo uipeleke mstarini, mbele ya shule nzima, jukwaa likiwa ni kivuli cha mwembe. Aliyekaa nyuma haoni punje. Kwake mgeni amepangusa shati tu. Mwandishi wa jukwaa inabidi akuze tendo bila kulichafua: labda mtoto asiondoke na kisahani, asimame palepale akisubiri mgeni atafune, mpaka mzee amwonyeshe kwa mkono aende. Sasa hata wa nyuma kabisa ameona kuna kitu hakijafanyika.

Redioni hakuna mkono wala kisahani. Kayanga, huko huko Karagwe, ipo redio ya jamii, FADECO, na ningependa sana kuusikia mchezo wa dakika kumi wa wanafunzi ukitoka humo. Wangefanyaje? Msikilizaji angesikia mzee akitafuna, ule mlio mkavu wa punje kuvunjika menoni, na angesikia kwamba anayetafuna ni mmoja. Nchi hii ilishaonyesha nguvu ya mchezo wa redio. *Twende na Wakati*, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulimfanya dereva wa lori aitwaye Mkwaju azungumzwe kama jirani, na watafiti waliiacha kwanza Dodoma bila matangazo ya mchezo huo ili walinganishe mabadiliko. Watu walibadili mwenendo wao kwa sababu ya mtu aliyetungwa mezani.

Filamu zetu zingefaidika na somo hili la uandishi kuliko sanaa nyingine yoyote. Wengi wa nyota wa mwanzo wa Bongo Movie walitoka vikundi vya maigizo ya televisheni kama Kaole, ambako msanii alielezwa mtiririko wa tukio na maneno akajitungia papo hapo. Kipaji kile kilikuwa kikubwa, na watu waliipenda kazi yao kwa haki. Lakini mtu anayejitungia maneno kamera ikiwa inazunguka husema kila kitu, tena mara mbili, kwa kuogopa ukimya. Mgeni wetu angetaja bei. Ukimya hupangwa kwenye karatasi. Kagera imeshamtoa mtu aliyelifahamu hilo, Josiah Kibira, aliyetengeneza filamu ya *Bongoland* mwaka 2003 akiwa Minnesota, na sioni kwa nini anayefuata alazimike kwanza kufika Marekani.

Liko pia suala la lugha, na hapa sina kanuni, nina maoni. Mzee yule kwa kweli angesema Kinyambo. Wanafunzi wengi wataona aibu na kumpa Kiswahili cha taarifa ya habari. Wengine watampa Kinyambo chote, na mchezo usivuke Mto Kagera wala kufika Biharamulo. Ningewashauri waandike Kiswahili chenye pumzi ya Kinyambo, sentensi fupi, adabu mwanzoni, hoja mwishoni, na wakiache Kinyambo chenyewe mahali ambapo Kiswahili kingesema uongo. Ile “waitu” ibaki. Ukiiondoa, mzee amekuwa mtu wa mahali popote.

Darasa lenyewe nalifikiria hivi: vipindi viwili mfululizo, mara moja kwa wiki, baada ya usafi. Aliyeandika hasomi. Anakaa pembeni na daftari, wenzake wanausoma mchezo wake kwa sauti, naye haruhusiwi kufafanua lolote. Msomaji akikwama, anaweka alama. Wakicheka pasipochekesha, anaweka alama. Wakianza kuchora kwenye vumbi kwa vidole vya miguu, anaweka alama kubwa. Wiki inayofuata analeta mswada mwingine. Miezi mitatu ya hivyo, na sini moja ikarekodiwa kwa simu ya mwalimu mwisho wa muhula, inatosha kuwa mwanzo. Wengi wao hawatakuwa waandishi. Watakuwa wakulima, manesi, madereva, wenyeviti wa vijiji, watu ambao siku moja watakaa mkutanoni na mtu wasiyekubaliana naye, na watakuwa wameshajaribu angalau mara moja kumwandikia mtu wa namna hiyo maneno yake kwa haki.

Kwa mwandishi wa sini ile ya kahawa nimebaki na swali moja. Mtoto wako ameshika kisahani tangu mwanzo. Shule inayotajwa ni yake, Jumatatu ni yake, na amesimama karibu na ule mfuko wa shati kuliko mtu yeyote. Hana hata neno moja. Anajua nini?

Kisha ningemwachia kalamu mpaka wiki ijayo.